Kusoma Chuo Kikuu Uganda Ukitokea Nchi Jirani: Anza na Cheti Chako

Mwanafunzi anayetoka Bukoba, Kisumu, Goma au Bujumbura kuja kusoma chuo kikuu nchini Uganda hujiandalia nauli, ada na godoro, lakini mara nyingi husahau swali ambalo ofisi ya udahili itamuuliza kabla ya mengine yote: cheti ulichonacho kinalingana na kipi katika mfumo wa hapa? Nimeona vijana waliovuka mpaka na fedha zao kamili wakapoteza muhula mzima kwa sababu swali hilo halikupatiwa jibu mapema, na ndiyo maana mwongozo huu unaanza hapo.

Mfumo wa Uganda una miaka 7 ya shule ya msingi, 4 ya sekondari ya kawaida na 2 ya sekondari ya juu. Anayeingia shahada ya kwanza moja kwa moja kutoka shuleni hutakiwa awe amefaulu angalau masomo mawili ya kiwango kikuu katika mtihani wa kidato cha sita, yaani UACE, na awe na ufaulu wa masomo matano ya kidato cha nne. Mtanzania mwenye matokeo ya kidato cha sita ana nafuu, kwa kuwa ngazi zake zinafanana na hizi. Mkenya mwenye KCSE, hata kama alama zake ni nzuri kiasi gani, hakupitia kidato cha tano na cha sita, kwa hiyo kwa kawaida huelekezwa kwanza kwenye cheti cha maandalizi kinachojulikana kama HEC, au aingie kwa njia ya stashahada. Mkongomani mwenye Diplôme d'État, cheti cha kumaliza sekondari cha kwao, ana kazi mbili, kwani cheti chake kinapaswa kulinganishwa na pia kutafsiriwa kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza.

Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, lenye makao yake Ntinda jijini Kampala. Njoo na cheti halisi, si nakala, na kabla hujaondoka nyumbani uliza chuo iwapo utahitaji uthibitisho wa matokeo kutoka baraza lililokutahini, kwa mfano NECTA ya Tanzania au KNEC ya Kenya, maana kuufuatilia ukiwa tayari uko ugenini ni kazi ya kuagiza ndugu na kusubiri simu zao. Niliwahi kusimama kwenye foleni ya ofisi moja nyuma ya kijana wa Bukavu aliyekuwa amekikunja cheti chake mara nne ndani ya bahasha ya kaki, na tafsiri yake ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza kizuri kabisa, na binamu yake mwalimu. Karani aliisoma yote kwa utulivu, akaigeuza kutafuta muhuri, asiuone, akamrudishia. Kijana yule hakuwa na kosa lolote la elimu. Alikosa mfasiri anayetambulika.

Jambo la pili ni kuichunguza programu yenyewe, na hapa watu huridhika haraka mno. Kwamba chuo kinatambuliwa haitoshi. Kila programu ina ithibati yake, inayotolewa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, na ithibati hiyo ina muda. Mwaka 2023 kulizuka mjadala mkubwa nchini baada ya kudhihirika kwamba programu nyingi, zikiwemo za vyuo vyenye heshima, muda wake wa tathmini ulikuwa umepita. Ingia katika tovuti ya NCHE, tafuta jina la programu kama lilivyoandikwa kwenye barua yako ya udahili, neno kwa neno, kisha uhifadhi ukurasa huo. Halafu geukia nchi yako. Kwa Mtanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo itakayotambua shahada hiyo utakaporudi, na kwa Mkenya ni tume ya kwao ya elimu ya vyuo vikuu, CUE, lakini kwa udaktari, uuguzi, famasia, sheria na uhandisi kuna pia baraza la taaluma lenye masharti yake. Ni bora uliandikie baraza hilo leo kuliko miaka mitano baadaye.

Kalenda nayo ina mtego. Makerere na vyuo vingine vya umma hufungua mwaka wa masomo kati ya Agosti na Septemba, na maombi hupokelewa miezi kadhaa kabla, baada ya matokeo ya kidato cha sita ya Uganda kutoka. Mtanzania hupata matokeo yake Julai, wakati ambapo dirisha la maombi huenda limeshafungwa. Ukijikuta hapo, usikubali kusukumwa na wakala anayedai kwamba ana njia ya mkato. Vyuo vingi vya binafsi hupokea wanafunzi pia mwanzoni mwa mwaka, na miezi hiyo ya kusubiri inatosha kabisa kukamilisha ulinganishaji wa cheti.

Katika kuchagua chuo, usilitazame jina peke yake. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na ambako Julius Nyerere, Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa walisoma, inavuta wengi kwa historia hiyo, na haikosi sababu. Lakini anayetaka sayansi ya tiba na gharama ndogo za maisha aitazame Mbarara, chuo kilichoanzishwa mwaka 1989. Anayetaka mazingira ya Kiislamu aitazame IUIU, Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoko Mbale, iliyofunguliwa mwaka 1988. Na anayetafuta malezi ya Kianglikana atayapata Mukono, kwenye Uganda Christian University. Unapochagua mji unachagua pia lugha ya sokoni, jambo nitakalolirudia hapo chini.

Kuhusu uhamiaji, habari ni njema kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutekelezwa Julai 2010, kibali cha mwanafunzi kwa raia wa nchi wanachama hutolewa bila malipo. Kutolipiwa hakuna maana kwamba hakihitajiki. Kinaombwa mtandaoni, kwa barua ya udahili na pasipoti, nacho hakikupi ruhusa ya kuajiriwa. Raia wa nchi zilizojiunga karibuni, yaani Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, waulize utaratibu wao kabla ya safari. Mkenya na Mnyarwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, ila nawashauri waje na pasipoti, kwa sababu shughuli za kibali huenda nayo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe karibu na mkono. Aliye mkimbizi ana njia yake chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, na aulize ofisi za UNHCR kuhusu DAFI, ufadhili wa masomo ya chuo kwa wakimbizi, ambao umekuwapo tangu mwaka 1992.

Ada isome safu kwa safu. Vyuo vingi huwa na viwango tofauti kwa Waganda, kwa watu wa Afrika Mashariki na kwa wageni wengine, na namna ya kuwapanga hutofautiana, hivyo omba jibu la maandishi linaloeleza wewe umewekwa safu ipi na kama kiwango hicho kitadumu hadi umalize. Lipa benki au kwa simu kwa kutumia namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa chuo, usimpe mtu fedha taslimu hata akiwa amevaa kitambulisho cha shingoni.

Hosteli za binafsi hulipiwa kwa muhula, na hili liliniuma mimi mwenyewe. Nililipia chumba nikiwa bado nyumbani, kwa kutazama picha tu. Nilipofika nikakuta kitanda changu kimeshapewa mwingine na meneja ananielekeza kwenye chumba cha watu wanne kilichopakana na ukumbi wa muziki. Fika siku tano mapema, lala kwa mwenyeji, uzunguke Kikoni na Wandegeya kwa miguu ikiwa utasoma Makerere, au Banda na Kireka ikiwa ni Kyambogo. Fungua bomba uone maji yanatoka, uliza umeme unalipwa na nani, ndipo utoe fedha na kudai risiti.

Sasa lugha. Darasani ni Kiingereza kitupu, na Mtanzania au Mkongomani asijidanganye kwamba atakizoea njiani: kuandika kazi ya kurasa kumi kwa Kiingereza wiki ya tatu ni mtihani tosha, kwa hiyo miezi ya kusubiri itumie kusoma na kuandika kila siku. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu marekebisho ya mwaka 2005, lakini mitaani mambo ni mengine. Kampala, wazee wengi hukihusisha Kiswahili na wanajeshi wa miaka ya misukosuko, na ukimwanza muuza nyanya kwa Kiswahili anaweza kukujibu kwa uso mkavu. Mwanze kwa Kiganda: "Gyebale ko, nnyabo," yaani pole na kazi, mama, akiwa mwanamume sema "ssebo". Baada ya hapo hata Kiswahili chako kitapokelewa, na mara nyingine bei hushuka. Kwenye takisi, ambayo ndiyo daladala au matatu yenu, utashuka kwa kusema "maaso awo". Kusini magharibi Kiganda hakitakufikisha mbali, kwani huko ni Runyankole, na Gulu ni Kiacholi. Kwenye miji ya mpakani ya Busia, Malaba na Mpondwe, kinyume chake, Kiswahili kinafanya kazi tangu alfajiri.

Maneno yaliyofanana yana hila. Posho hapa ni ugali, si fedha ya kikao, na Mtanzania akiambiwa kwamba chuo kinatoa posho asianze kupiga hesabu. Saa huhesabiwa kama zetu katika Kiganda, ila ratiba ya vipindi hufuata saa za Kiingereza. Mwenzangu alikosa jaribio la kwanza kwa kosa hilo. Utaona pia wasichana wa Kiganda wakipiga magoti kuwasalimu wakubwa. Mgeni hadaiwi hivyo, ila kuinama kidogo kunatosha, na kupita bila salamu ni kosa.

Jisajili katika wiki za mwanzo, kwa kuwa asiyesajiliwa anaweza kuzuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani, na kazi za muhula zichukulie kwa uzito kwa sababu zina sehemu kubwa ya alama. Hifadhi nakala ya kila risiti ya ada hadi mwisho. Mwaka wa mwisho, kagua jina lako kwenye orodha ya wahitimu, herufi kwa herufi, lilingane na pasipoti, na usipande basi la kurudi nyumbani kabla hujaushika mkononi muhtasari wa matokeo yako wenye muhuri.