Hati ya mshahara Uingereza: anza na msimbo wa kodi

Mgeni akipokea hati yake ya kwanza ya mshahara Uingereza, jicho hukimbilia mstari wa chini, ule wa fedha zinazoingia benki. Anzia juu. Tafuta palipoandikwa Tax Code: tarakimu na herufi zilizopo hapo ndizo zinazoamua kodi yako, na hapo ndipo wageni wengi hupoteza fedha bila kujua.

Msimbo wa kawaida ni 1257L. Maana yake, katika mwaka wa kodi, unaoanza 6 Aprili na kuishia 5 Aprili, pauni 12,570 za kwanza hazitozwi kodi. Kinachozidi hapo mpaka 50,270 hukatwa asilimia 20. Wakazi wa Scotland wana viwango vyao, na msimbo wao huanza na S.

Chukua mshahara ghafi wa pauni 2,400 kwa mwezi. Fungu la mwezi lisilotozwa kodi ni kama 1,048. Zinabaki 1,352, na asilimia 20 yake ni takriban pauni 270. Kisha kuna Bima ya Taifa, iliyofupishwa NI: asilimia 8 ya kinachozidi 1,048 kwa mwezi, yaani 108.16. Ukipita 4,189 kwa mwezi, ziada hiyo hukatwa asilimia 2 tu.

Pensheni ni kato la tatu. Ukiwa na umri kati ya miaka 22 na ule wa pensheni ya serikali, na kipato kinachopita pauni 10,000 kwa mwaka, mwajiri hana budi kukuandikisha. Kima cha chini ni asilimia 5 kutoka kwako na 3 kutoka kwake, zikihesabiwa kwenye sehemu ya mshahara iliyo juu ya pauni 520 kwa mwezi. Kwa mshahara wetu wa mfano mchango wako ni 94, ila mifuko mingine ya pensheni hukata 75.20 na serikali ikajazia 18.80. Kwa mfuko wa namna hiyo, mkononi unabaki na karibu 1,946. Ukijitoa ndani ya mwezi mmoja tangu kuandikishwa, unarudishiwa ulichokatwa. Ukichelewa, unaweza kuacha kuchangia, lakini zilizokwisha kuingia kwa kawaida hukaa mfukoni humo mpaka umri wa kustaafu. Kabla ya kujitoa kumbuka kwamba ile 3 ya mwajiri ni ujira wako pia.

Sasa turudi kwenye msimbo. Kodi huhesabiwa kwa kulimbikiza: mafungu yasiyotozwa kodi ya miezi ambayo hukufanya kazi yanakungoja. Ukipokea mshahara wa kwanza mwisho wa Septemba, tayari una mafungu sita, karibu pauni 6,290. Mwenye 2,400 kwa mwezi basi hapaswi kukatwa kodi Septemba, Oktoba wala Novemba; Desemba atakatwa kama pauni 33, na Januari ndipo anapofika 270. Lakini msimbo ukifuatiwa na M1, W1 au X, kila malipo huhesabiwa peke yake na ulimbikizaji unapotea. Mtu huyo huyo atakatwa 270 tangu siku ya kwanza, na kufikia Machi atakuwa amelipa zaidi ya pauni 1,000 zisizomhusu. BR na 0T ni kali zaidi: huna fungu la msamaha hata kidogo, na zinakwenda 480 kila mwezi. BR ni sahihi kwa kazi ya pili tu.

Chanzo cha msimbo usiofaa mara nyingi ni fomu ya mfanyakazi mpya. Majibu yake huishia kwenye A (kazi ya kwanza tangu 6 Aprili), B (kazi pekee kwa sasa, ila ulikuwa na nyingine) au C (una kazi nyingine au pensheni). Usipoijaza, na huna P45 (hati ya mshahara na kodi ya kazi iliyopita) kutoka kwa mwajiri uliyemwacha, unapewa 0T. Kutokuwa na namba ya NI hakukupandishii kodi, na unaweza kuanza kazi huku ukiisubiri.

Kumlalamikia mhasibu wa mishahara hakusaidii sana, kwa kuwa yeye hufuata msimbo anaoletewa na HMRC, mamlaka ya kodi. Fungua akaunti yako ya kodi kwenye tovuti yao, hakiki tarehe ya kuanza kazi na makadirio ya kipato, kisha omba marekebisho. Fedha hurudi kwenye mshahara unaofuata, na kodi huonekana ikiwa na alama ya kutoa. Mwaka ukishafungwa, una miaka minne ya kudai. Huhitaji wakala wa kukukata asilimia.

NI haina ulimbikizaji. Mwezi wa saa nyingi za ziada hukatwa zaidi, wala hailipwi nyuma mwezi ukiwa mwembamba.

Makato mengine ya mwajiri, kama sare, mafunzo au mkopo wa mwajiri, lazima yawe kwenye mkataba au uliyoyakubali kwa maandishi. Ukilipwa kwa saa, saa hizo lazima ziandikwe kwenye hati. Zilinganishe na daftari lako. Mwajiri aliyekudhamini kwa viza haruhusiwi kukukata tozo ya ujuzi wa wahamiaji (Immigration Skills Charge), ambayo yeye huilipa serikalini kwa kumdhamini mgeni, hata kama ulitia saini.