Maboksi au makasha ya plastiki wakati wa kuhama

Anayehama Dar es Salaam wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na mizigo yake inabebwa na kirikuu isiyo na turubai, ni afadhali atie nguo na nyaraka katika makasha ya plastiki yenye mifuniko, kwa kuwa boksi likilowa kitako chake huachia na vilivyomo humwagika njiani. Binafsi nisingeyanunua makasha hayo kwa ajili ya kuhama tu, bali iwapo yatahitajika baadaye kuhifadhia vitu. Vitabu vitiwe katika maboksi madogo, maana kasha kubwa likijaa vitabu halibebeki. Maboksi ya dukani ni rahisi kupatikana, ila yaliyobeba sabuni yasitiwe unga wala mchele, kwani harufu yake hushika chakula.