Msibani Toraja: anza kwa kusema "mgonjwa"

Ukialikwa mazishini kwenye milima ya Toraja, Sulawesi Kusini, Indonesia, nguo nyeusi na katoni ya sigara za kuwapa wafiwa utavipata sokoni Rantepao bila taabu. Maneno ndiyo ya kujiandaa nayo mapema.

La kwanza ni to makula', mgonjwa. Ndiye mtu aliyekata roho lakini hajafanyiwa sherehe, hata awe amelala mwaka wa pili ndani ya tongkonan, nyumba ya ukoo. Mimi ni mtu wa Tanga; kwetu mtu akifa alfajiri, alasiri tumeshamzika. Basi siku ya kwanza nikamtaja mama wa mwenyeji wangu kama marehemu. Kaka yule hakukasirika. Alinishika mkono akaniingiza chumbani, mlimokuwa na sahani ya wali na kikombe cha kahawa ya moto pembeni ya shuka jekundu lililomfunika. Akasema, "Mama, mgeni amefika." Nikamwamkia. Nawe ukiingia, amkia, ukitoka, aga. Neno "kufa" lisubiri mpaka nyati wa kwanza wa sherehe, nyati wa kufugwa, achinjwe.

Mazishi yenyewe huitwa rambu solo', moshi unaoshuka. Ibada za furaha ni rambu tuka', moshi unaopanda. Ile alama ya mwisho si ile ya ng'ombe: funga koo ghafla, kama neno limekatwa.

Kisha badong, wimbo wa maombolezo, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Usiku wanaume kwa wanawake husimama duara, wakashikana vidole vidogo, wakasogea hatua moja moja, irabu moja ikivutwa mpaka pumzi iishe. Ni lugha ya kishairi, si ya sokoni, kwa hiyo usihangaike kudaka kila neno. Sikiliza jozi: mshororo ukitoka, wa pili hurudia maana ileile kwa maneno mengine. Humo mtu husimuliwa tangu kuzaliwa kwake, husifiwa, husindikizwa mpaka Puya, nchi ya wafu, kisha walio hai huombewa heri. Leo Watoraja wengi ni Wakristo, na badong bado inaimbwa. Ukivutwa kwenye duara, ingia. Kidole cha jirani kitakuongoza.

Nyati nao wana lugha yao. Usiulize bei, uliza kaletwa na nani. Kila nyati na kila nguruwe huandikwa daftarini, kwa sababu ni deni litakalolipwa kwenye msiba wa aliyemleta, au wa watoto wake. Kwao kudaiwa hivyo ni kuwa na ndugu, nami naona wamesema kweli.

Asubuhi ya kuchinja, kaka yule alisimama kimya mpaka nyati wa kwanza akaanguka. Akasema, "Sasa mama amekufa," akalia. Hapo ndipo nilipompa pole.