Kabla ya kupanda bangi nje, penye majira ya baridi kali

Anza na sheria, maana ndiyo inayopima ukubwa wa bustani yako. Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima aliyekaa nchini humo angalau miezi sita anaruhusiwa kuwa na mimea 3 kwa matumizi yake mwenyewe. Kanada ilifungua mlango tarehe 17 Oktoba 2018, lakini hesabu yake ni mimea 4 kwa nyumba, hata kama watu wazima sita wanalala humo. Jimbo la Quebec limekataza kabisa kupanda nyumbani, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba jimbo lina haki hiyo. Luxembourg inaruhusu mimea 4 kwa kaya, mradi isionekane kutoka barabarani. Unapoishi penye marufuku, ishia hapa hapa, kwani hakuna ujuzi wa bustani unaofuta kosa la jinai. Mpangaji naye asome mkataba wake wa nyumba kabla ya kununua chungu. Mhamiaji aliyeko Marekani ana sababu ya kujiweka mbali kabisa: mwongozo wa idara ya uhamiaji wa mwaka 2019 unasema shughuli za bangi zinaweza kumkwamisha mwombaji wa uraia, hata kama jimbo lake linaziruhusu.

Kuna kifungu ambacho wengi hukiruka, nacho ni cha akiba. Ujerumani mtu mzima anaruhusiwa kuweka nyumbani gramu 50 za bangi iliyokauka. Mmea mmoja uliopata jua la kutwa na chungu kikubwa unaweza kupita kiasi hicho peke yake. Mazao ya nyumbani hayauzwi, na kumgawia rafiki pia ni kosa. Mtu anapanda kihalali mwezi Mei, kisha Oktoba anajikuta mvunja sheria kwa sababu mavuno yamekuwa mazuri. Kwa hiyo fikiria mmea mmoja mfupi kabla ya kufikiria mitatu mirefu.

Sasa kalenda, na hapa ndipo bustani nyingi za nchi za baridi zinapofia. Bangi ni mmea wa msimu mmoja. Hauvuki majira ya baridi. Aina nyingi huchanua kwa kufuata urefu wa usiku. Kwenye nchi zilizo karibu na nyuzi 50 kaskazini, mchana wa tarehe 21 Juni hupita saa 16, na mmea huendelea tu kurefuka na kutoa majani. Usiku ukianza kurefuka, kwa kawaida mwezi Agosti, maua huanza, na kuiva kwake huchukua wiki 8 hadi 10 kwa aina nyingi. Piga hesabu mwenyewe: unaangukia mwishoni mwa Septemba au katikati ya Oktoba, wakati mvua, ukungu na sakitu ya kwanza vinapobisha hodi. Aina zenye asili ya nchi za ikweta ni ngumu zaidi, kwani zimezoea mchana na usiku vinavyolingana, tena huchukua muda mrefu kuiva. Mbegu ya namna hiyo huku kaskazini itakupa kichaka kizuri cha kijani, halafu baridi ikiue kabla ya ua kukomaa.

Ndiyo maana wakulima wa maeneo haya hupenda mbegu zinazochanua zenyewe bila kujali urefu wa mchana. Tabia hiyo imetoka kwa bangi fupi ya mwituni ya Urusi na Asia ya Kati, iitwayo Cannabis ruderalis, iliyopewa jina hilo mwaka 1924. Mingi ya mimea hiyo hukamilisha safari ndani ya wiki 10 hadi 12 tangu mbegu ichipue. Ikitoka nje mwishoni mwa Mei, Agosti inavunwa, jua likiwa bado lina nguvu. Mavuno yake ni kidogo, na kwa aliyefungwa na gramu 50 hilo si hasara. Ukishikilia aina za kawaida, chagua zinazowahi kuiva, na uangalie taa ya mtaani inayomulika bustani: mwanga wa usiku huchelewesha maua.

Mwanzo wa msimu nao unataka subira. Bustani za Ujerumani zina desturi ya kungoja mpaka siku za watakatifu wa barafu, tarehe 11 hadi 15 Mei, zipite. Kabla ya hapo usiku mmoja wa sakitu unaweza kufuta kila kitu. Otesha ndani, dirishani penye jua, kisha uzoeshe miche hali ya nje kidogo kidogo kwa wiki moja au zaidi. Mche uliotolewa ghafla kutoka dirishani hubabuka majani kwa jua na upepo.

Mahali pawe penye jua la kusini na upepo unaopita. Upepo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu adui wa Septemba ni ukungu wa kijivu, Botrytis cinerea, unaopenda ubaridi na unyevu na kuozesha ua nene kuanzia ndani. Ukiona nje, ndani kumeshaharibika. Paa jepesi la plastiki linalozuia mvua bila kuzuia hewa husaidia sana, na chungu kinachobebeka ni bora kuliko shimo ardhini. Udongo wa dukani unatosha. Ila kama unataka kutumia ardhi ya nyumba kuukuu, pima kwanza madini ya risasi, kwani mmea huu hufyonza metali nzito kiasi kwamba aina yake inayolimwa kwa ajili ya nyuzi (hemp) imewahi kujaribiwa kusafisha udongo karibu na Chernobyl.

Mbegu za kawaida hutoa madume karibu nusu. Nunua za kike, au uwe tayari kung'oa dume kabla hajamwaga chavua na kuyajaza mbegu maua ya jike.

Majirani watajua. Wiki za mwisho harufu huvuka ua wowote, basi ni afadhali kuzungumza nao mapema. Watoto na mbwa ni jambo zito zaidi: sheria ya Ujerumani inakutaka uzuie watoto na watu wengine wasiifikie mimea, na mbwa aliyekula maua huhitaji daktari wa mifugo. Uzio wenye kufuli uwepo kabla ya mche.

Mwisho, chumba cha kukaushia. Oktoba banda la nje lina unyevu, na maua yanayoning'inia humo huota kuvu. Unahitaji mahali penye giza, hewa inayotembea, joto la nyuzi 15 hadi 20, na mlango unaofungwa, kwa wiki moja hadi mbili. Kama huna chumba cha namna hiyo, punguza mbegu sasa.