Kugeuza Picha ya Rangi Kuwa Nyeusi na Nyeupe

Anayepiga picha mwaloni Kibirizi, Kigoma, ambako mitumbwi iliyopakwa rangi kali hukaa karibu na dagaa walioanikwa, asiiweke kamera katika hali ya nyeusi na nyeupe, bali apige kwa rangi na kugeuza baadaye, kwani rangi ndizo zitakazompa nafasi ya kuchagua.

Fungua nakala ya picha katika programu kama GIMP, ambayo hupatikana bure. Ipo amri ya kuondoa rangi zote kwa mkupuo mmoja, lakini mimi siipendi: khanga nyekundu na majani mabichi yaliyo nyuma yake huweza kutoka na kijivu kilekile, na mvaaji akamezwa na mandhari. Tumia kichanganya chaneli cha kijivu, yaani zana ya kuamua kila rangi ichangie kiasi gani katika kijivu, ugawe nyekundu, kijani na bluu ili jumla yake ikaribie asilimia 100, la sivyo mwangaza wa picha nzima utabadilika. Ukianza na nyekundu 60, kijani 30 na bluu 10, khanga itang'aa kuliko majani, na anga ya bluu juu ya Ziwa Tanganyika itakoza hadi mawingu yajitokeze. Nyekundu hung'arisha pia ngozi, ingawa ikizidi uso hubaki bapa. Bluu iwe kidogo, kwa kuwa mara nyingi ndiyo yenye chembechembe nyingi zinazochafua picha, hasa katika picha za alfajiri.

Kisha ongeza taratibu tofauti kati ya mwanga na giza, ukiangalia kwamba dagaa mmoja mmoja bado anaonekana kwenye chanja na mbao za ndani ya mtumbwi hazijapotelea kivulini.