Thailand au Malaysia? Anza na mwezi wa safari

Wengi huanza kwa kulinganisha bei za hoteli, na hapo ndipo wanapokosea. Nchi hizi zimepakana, lakini mvua zake hazinyeshi kwa pamoja, na chumba cha bei poa kisiwani hakina faida kama boti hazitoki. Jua kwanza unasafiri mwezi gani, ndipo ufungue ramani.

Kuanzia Desemba hadi Machi shika pwani ya magharibi: Phuket na Krabi kwa Thailand, Langkawi na Penang kwa Malaysia. Miezi hiyo kaskazi huvuma kwa nguvu pwani ya mashariki ya Malaysia, na visiwa vya Perhentian na Redang karibu vyote hufungwa tangu Novemba hadi Februari hivi. Julai na Agosti mambo hugeuka. Phuket bahari huchafuka, na bendera nyekundu ufukweni maana yake usiingie majini hata kama jua linawaka, kwani mkondo huvuta watu kila msimu. Wakati huo Perhentian na kisiwa cha Koh Samui, Thailand, ndiko kuzuri. Koh Samui iepuke Novemba. Chiang Mai nayo, mji wa kaskazini mwa Thailand, Februari hadi katikati ya Aprili, hujaa moshi wa mashamba na misitu inayoungua; mwenye pumu asithubutu.

Mwezi ukiziruhusu zote mbili, angalia chakula. Malaysia chakula halali kipo kila kona. Kwenye migahawa ya mamak, yaani ya Waislamu wenye asili ya India, utamwona mpishi akilirusha donge la roti canai hewani hadi liwe jembamba kama kitambaa, alikunje, alitupe kwenye chuma cha moto. Huliwa na mchuzi wa dengu, na aliyezoea chapati atajisikia nyumbani. Thailand nyama ya nguruwe huingia hata kwenye supu ya tambi, kwa hiyo lishike neno “moo”, yaani nguruwe, na uulize. Kwa mahekalu na masoko ya usiku, Thailand haina mpinzani. Lakini familia yenye watoto, safari ya kwanza, tunaipeleka Malaysia: Kiingereza kinaeleweka, na soketi ni za pini tatu kama za Dar na Nairobi.

Gharama zinazojificha: ATM za Thailand hukata baht 220 au zaidi kila utoapo kwa kadi ya nje, basi toa nyingi kwa mara moja. Malaysia mgeni hulipa kodi ya ringgit 10 kwa chumba kila usiku, mara nyingi papo hapo mapokezi.

Visa ulizia ubalozini kabla ya kulipia tiketi. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Fomu za kuingia, MDAC ya Malaysia na TDAC ya Thailand, hujazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, bure. Tovuti inayodai pesa si ya serikali.

Ukishindwa kuchagua, unganisha kwa treni: Kuala Lumpur hadi Padang Besar mpakani, saa tano na nusu hivi, uhamiaji wa nchi zote mbili umo kituoni humo, kisha treni ndogo hadi Hat Yai, Thailand. Angalia saa tu. Malaysia iko mbele kwa saa moja. Ukirudi na kufika mpakani saa 4 asubuhi ya Thailand, treni ya Malaysia ya saa 4:30 imeshaondoka.