Kuchagua jiko la umeme: anza na waya na sufuria

Kabla ya kwenda dukani, kagua vitu viwili ulivyo navyo tayari: waya wa umeme unaofika jikoni na sufuria zilizo kabatini. Hivyo ndivyo vinavyoamua ununue jiko gani. Wanaoanzia dukani huvutiwa na kioo kinachong'aa, wakifika nyumbani wanakuta soketi haibebi mzigo au nusu ya sufuria hazipati moto.

Tuanze na umeme. Wati ni volti mara ampea. Soketi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 inatoa takriban wati 3,000, na hapo imefika mwisho wake. Jiko la mezani la sahani moja hula wati 1,000 hadi 2,000, na la sahani mbili mara nyingi 2,000 hadi 2,500. Yote mawili unaweza kuyachomeka ukutani, mradi birika au pasi visichomekwe hapo hapo. Usitumie waya wa nyongeza, hasa ukiwa umekunjwa, kwa sababu joto hukosa pa kutokea na ganda la waya huyeyuka.

Jiko la kuzamishwa kwenye kaunta lenye sehemu nne za moto ni habari nyingine. Mengi hufikia wati 7,000 na ushee yakiwashwa yote, yaani zaidi kidogo ya ampea 30. Hilo linataka laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, pamoja na breka yake (swichi inayokata umeme mzigo ukizidi), na kwa kawaida waya wa milimita 6 za mraba. Njia ikiwa ndefu, fundi umeme anaweza kupandisha hadi 10. Waya wa soketi za kawaida, wa milimita 2.5 za mraba, haufai kabisa. Utapata joto ndani ya ukuta siku baada ya siku, ganda likauke na kupasuka, nawe huoni kitu mpaka moto utokee. Kama hutaki kuvuta waya mpya, baki na jiko la mezani, au tafuta jiko la kuzamishwa linaloruhusu kuwekewa kikomo cha wati. Baadhi ya yale ya indaksheni, yaani yanayopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, yana mpangilio huo. Mwambie fundi apime pia kama ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, inafanya kazi kweli. Soketi yenye matundu matatu bado inaweza kukosa ethi.

Sasa toa sufuria zako na uzipime kwa sumaku moja baada ya nyingine, kwenye kitako. Sumaku ikinata kwa nguvu, sufuria hiyo itapika kwenye indaksheni. Alumini, shaba na udongo hazinati. Chuma cha pua ni cha kujaribu, kwa kuwa kuna kinachonata na kisichonata. Kisha laza ukingo wa rula juu ya kitako. Kikiwa kimebonyea ndani kidogo si neno, joto hukinyoosha. Kikivimba nje hata sufuria ikacheza, itapika vibaya kwenye kioo na kwenye sahani ya chuma, maana inagusa mahali pamoja tu. Sahani ya kugeuza, ile ya chuma inayowekwa chini ya sufuria ya alumini juu ya indaksheni, si ya kununua: inapoteza umeme na inaweza kulichemsha jiko lenyewe kupita kiasi.

Kama sufuria zako karibu zote ni za alumini na huna mpango wa kununua nyingine, chagua jiko la koili (waya wa moto uliozungushwa), la sahani ya chuma au la kioo cha kawaida chenye koili chini yake. Koili hupata moto haraka kuliko sahani, na ikiungua nyingi huchomolewa na kubadilishwa. Sahani nzito ya chuma huchelewa kupata moto na kupoa vilevile. Zima dakika chache kabla chakula hakijaiva, kimalizikie kwenye joto lililobaki. Sahani yenye doa jekundu katikati ni ya kasi: ya milimita 145 huwa na wati 1,500, wakati isiyo na doa huwa na 1,000. Ukiimwagia maji baridi ikiwa ya moto inaweza kupasuka.

Indaksheni ndiyo tunayoipendekeza pale waya na sufuria vinaporuhusu. Moto unazaliwa kwenye kitako cha sufuria yenyewe, hivyo unaopotea hewani ni mdogo, na ukishusha, chakula kinaacha kuchemka papo hapo. Kwa wati 2,000, lita moja ya maji huchemka kwa takriban dakika 4. Koili ya wati 1,000 huchukua dakika 8 au zaidi. Ila umeme wa kupanda na kushuka huharibu saketi zake, basi weka kifaa cha kulinda volti chenye uwezo unaozidi ampea za jiko. Feni iliyo chini inahitaji hewa: usilitandikie kitambaa, na acha sentimita 10 kutoka ukutani. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo amuulize daktari wake kwanza.

Kasoro kubwa ya indaksheni za bei ya chini iko kwenye moto mdogo. Badala ya kutoa moto laini, huwaka kwa nguvu sekunde chache na kuzima, zikiwaka na kuzima hivyo hivyo. Maziwa yanafurika na mchuzi mzito unashika chini. Omba kulijaribu dukani: weka maji, yachemshe, kisha shusha hadi ngazi ya chini kabisa na uangalie mapovu. Yakitokea na kutoweka kwa zamu, liache. Angalia pia kwenye maelezo upana wa koili ya ndani, ile ya sumaku iliyo chini ya kioo, usiamini duara lililochorwa juu. Koili nyembamba chini ya kikaango kipana huunguza katikati na kuacha kingo mbichi.

Swichi za kuzungusha hazisumbui mikono ikiwa na maji. Za kugusa husafishika kirahisi lakini hukataa kidole chenye unyevu. Kwenye kioo, taa ya kuonyesha kwamba bado kuna moto ni ya lazima. Sukari ikimwagikia kioo, ikwangue kwa wembe wa kukwangulia kingali na moto, kwa sababu ikipoa huganda na kung'oa vipande vya kioo.

Kaunta isikatwe kabla jiko halijafika. Mengi ya sentimita 60 hutaka tundu la milimita 560 kwa 490, lakini fuata karatasi iliyomo kwenye boksi. Sahani mpya za chuma ziwashe tupu dakika 3 hadi 5 madirisha yakiwa wazi, moshi wa rangi uishe. Siku za mwanzo, pika dakika 20, zima swichi ya ukutani kisha gusa plagi. Vuguvugu ni sawa. Ikikufanya uondoe mkono, soketi imelegea, ibadilishwe kabla hujapika tena.